Treni za bati: kichezeo kilichowazidi umri wenyewe

Gari la plastiki linalonunuliwa asubuhi ya Idd aghalabu halifiki Idd ya pili. Gurudumu likichomoka halirudi mahali pake, betri ikiisha kifuniko hakifunguki, na kwa kuwa hakuna fundi anayekubali kukipokea, kichezeo hicho huishia jalalani. Wazazi hatushangai tena. Tumezoea kuamini kwamba ndivyo vichezeo vilivyo: hununuliwa, huvunjika, hutupwa.

Kinyume chake, ziko nyumba huko Ujerumani, Uingereza na Marekani ambamo mtoto wa leo huweza kuketi sakafuni akaendesha treni aliyonunuliwa babu wa baba yake. Treni hiyo ni ya bati, ina rangi iliyochubuka hapa na pale, na hutiwa ufunguo kama saa ya mezani ya zamani. Haikudumu kwa bahati tu. Waliounda treni hizo waliziunda zifunguke, zisafishwe, na kilichoharibika kiondolewe kitiwe kingine. Leo hii wapo watu wazima wanaozikusanya, wanaozitengeneza na kuziendesha, na baina yao kuna mjadala unaowahusu wote wenye kumiliki kitu cha thamani: je, kitumike au kifungiwe kabatini? Na mwenyewe akiondoka, nani atakipokea?

Fundi bati wa Göppingen

Bati linalozungumzwa hapa si lile la kuezekea nyumba. Ni karatasi nyembamba ya chuma iliyovikwa madini ya bati pande zote mbili ili isishike kutu, jamii ya ile inayotengenezewa makopo ya vyakula. Ni jepesi, hukatwa kwa mkasi wa fundi, hukunjwa bila kupasuka, na hukubali kulehemiwa. Msomaji aliyewahi kumtazama fundi akigeuza kopo kuwa kibatari anaijua tabia yake.

Treni ya kwanza ya abiria iliyovutwa kwa mvuke nchini Ujerumani ilisafiri kati ya miji ya Nuremberg na Fürth mwezi Desemba 1835. Nuremberg ulikuwa tayari mji wa mafundi wa vichezeo, kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba garimoshi jipya lilinakiliwa upesi kwa bati. Lakini treni za watoto za miaka hiyo hazikuwa na reli. Zilivutwa kwa kamba au kusukumwa kwa mkono. Baadaye zikaja zenye mvuke wa kweli, zilizochemshiwa maji kwa moto wa spiriti. Hizo zilikwenda zitakako, zikaacha michirizi ya maji sakafuni, na mara nyingine kuunguza zulia.

Mwaka 1859, katika mji wa Göppingen, fundi bati aitwaye Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni kwa ajili ya nyumba za wanasesere: masufuria, majiko na birika za kuchezea. Mkewe, Caroline, hakubaki nyumbani akingoja wateja. Alisafiri mwenyewe akiuza bidhaa hizo, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa zama zake. Theodor alipofariki mwaka 1866, karakana haikufungwa. Mjane huyo aliisimamia kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1888 wanawe walipoichukua na kuiita kampuni ya ndugu Märklin. Wakusanyaji huyakariri majina ya vichwa vya treni na miaka yake, na wengi hawalitaji jina la Caroline. Lau si yeye, yamkini kusingekuwa na kampuni ya kurithiwa na wanawe.

Ununuzi usio na mwisho

Mwaka 1891, kwenye maonesho ya biashara ya mji wa Leipzig, ndugu hao walionesha treni ya kamani iliyozunguka juu ya reli zilizopangwa kwa umbo la tarakimu 8. Uzito wa jambo hilo haukuwa katika mzunguko ule. Ulikuwa katika vipimo. Waliweka upana maalumu wa reli, wakaupa namba: 1, 2 na 3. Reli namba 1 ina upana wa milimita 45. Ilipokuja treni ndogo zaidi, hakukuwa na namba iliyobaki chini ya 1, ikabidi iitwe 0, nayo ina milimita 32. Hata leo vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika, na treni ya namba 0 iliyotengenezwa Ujerumani hukaa sawasawa juu ya reli ya namba 0 iliyotengenezwa Uingereza.

Kipimo kimoja kilifungua mlango wa biashara. Fundi aliyewahi kuuza jiko la mwanasesere anajua kwamba mtoto aliyepata jiko atataka sufuria, na aliyepata sufuria atataka kabati la kulipanga. Märklin wakalipeleka wazo hilo kwenye reli. Mzazi alinunua kichwa cha treni, behewa mawili na duara la reli. Mwaka uliofuata aliongeza njia panda, kisha daraja, kisha stesheni yenye saa na abiria wa bati. Ndiyo maana mkusanyaji wa leo hatosheki na treni peke yake. Husaka taa za ishara, mageti ya vivuko vya reli, mahandaki, winchi za kupakia mizigo, hata kibanda cha muuza magazeti. Vifaa hivi vilivunjika na kupotea kuliko treni zenyewe, na aghalabu ndivyo vilivyo adimu zaidi.

Vita vilivyohamisha soko

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani ndio walioshika soko. Kampuni ya Bing ya Nuremberg ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa vichezeo duniani. Mfanyabiashara Mwingereza, W. J. Bassett-Lowke wa Northampton, alikutana nao kwenye maonesho makubwa ya Paris mwaka 1900, wakakubaliana wamtengenezee treni zenye sura na rangi za reli za Uingereza. Hivyo mtoto wa Kiingereza alichezea treni ya nchini kwake iliyofanyiwa kazi na mikono ya Mjerumani.

Vita Kuu ya mwaka 1914 ilikata uhusiano huo. Bidhaa zilizuiwa, na hata baada ya amani wateja wengi wa Uingereza na Marekani hawakutaka tena kichezeo cha Kijerumani. Nafasi ikapatikana. Huko Liverpool, Frank Hornby, aliyekwishasajili mwaka 1901 kichezeo cha vyuma vya kuungaunga kilichokuja kuitwa Meccano, alianza kuuza treni zake mwaka 1920. Treni za kwanza za Hornby ziliunganishwa kwa nati na bolti. Mnunuzi aliweza kuifungua treni yake yote, akaisafisha na kuifunga tena.

Marekani nako alikuwapo Joshua Lionel Cowen, mkazi wa New York. Mwaka 1901 alitengeneza kigari cha umeme kilichozunguka katika dirisha la duka ili kuvuta macho ya wapita njia kwenye bidhaa. Wateja wakakitaka kigari chenyewe. Cowen akaelewa, akaacha kutengeneza matangazo, akatengeneza treni. Mwaka 1906 alitoa treni kubwa za reli ya inchi 2 na moja ya nane, akaipa reli hiyo jina la kujisifu: kipimo cha kawaida. Kampuni yake, Lionel, ilitikiswa na mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, nayo ikasaidiwa na kitoroli kidogo cha ufunguo chenye sanamu ya Mickey Mouse, kilichouzwa mwaka 1934 kwa dola 1. Viliuzwa zaidi ya 250,000.

Namna zinavyofanya kazi

Treni ya kamani haina siri kubwa. Ndani yake mna utepe wa chuma uliosokotwa. Ufunguo huukaza, nao ukijifungua husukuma gia, na gia huzungusha magurudumu. Kidhibiti mwendo huzuia nguvu yote isitoke kwa mara moja. Mwili wa treni ulikatwa kwa mashine kutoka karatasi tambarare ya bati. Zile za bei ya juu, hasa za Märklin, zilipakwa rangi kwa mkono, tabaka juu ya tabaka. Zile za bei nafuu zilichapwa picha kwa litografia kabla ya kukatwa: madirisha, misumari, hata nyuso za abiria. Kisha vipande viliungwa kwa ndimi ndogo zilizochomekwa katika matundu na kukunjwa.

Treni za umeme zina jambo linalomshangaza mgeni: reli tatu badala ya mbili. Reli ya katikati huleta umeme, na zile mbili za pembeni huurudisha. Sababu yake ni ya busara. Mtoto akipanga reli mbili tu kwa umbo linaloigeuza treni irudi ilikotoka, reli ya kulia hukutana na ya kushoto, ikawa shoti. Kwa reli tatu ya katikati hukutana na ya katikati daima, na mtoto akapanga apendavyo.

Vifaa vya pembeni navyo vilitiwa uhai. Mwaka 1935 Lionel walitoa kibanda cha mlinzi wa kivuko. Treni ikikaribia, uzito wake hubonyeza swichi iliyo chini ya reli, sumaku ya umeme husukuma mlango, na mlinzi mdogo wa chuma hutoka nje akiwa ameshika taa. Treni ikipita, hurudi ndani. Hakuna kompyuta wala betri, na mwenye bisibisi anaweza kuona kila kinachotendeka humo.

Zama zilivyokwisha

Vita vya pili vilisimamisha kazi hiyo. Mwaka 1942 serikali za Uingereza na Marekani zilizuia chuma kutumika katika vichezeo, na viwanda vikageukia zana za kijeshi. Baada ya vita plastiki ilikuwa rahisi na ya haraka. Treni nazo zilikuwa zimepungua ukubwa: tangu mwaka 1935 yalikuwapo matoleo ya nusu ya namba 0, yenye reli ya milimita 16.5, yaliyotosha juu ya meza ya nyumba ndogo. Watoto wakageukia televisheni, magari na ndege.

Bing ilikuwa imekwishaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kiwanda cha Hornby cha Binns Road, Liverpool, kilifungwa mwaka 1979. Märklin wenyewe waliomba hifadhi ya ufilisi mwezi Februari 2009, na kampuni ikanusurika, ikapata wamiliki wapya mwaka 2013.

Waliokuwa watoto wakati huo wakakua, na wengine wakaanza kuvitafuta walivyovipoteza. Chama cha wakusanyaji wa treni cha Marekani kiliasisiwa mwaka 1954 katika jimbo la Pennsylvania, na hadi leo kina jumba la makumbusho katika mji wa Strasburg, jimboni humo. Chama cha wakusanyaji wa Hornby nchini Uingereza kilifuata mwaka 1969.

Kutumia au kufungia

Hapa ndipo penye mjadala. Wapo wasemao kwamba treni iliyobaki na rangi yake ya kwanza, ndani ya sanduku lake la kwanza, ni kumbukumbu ya kazi ya mikono isiyorudi tena. Kila mzunguko mmoja huisugua magurudumu, na kila kuanguka kumoja huiondolea alama ambayo hakuna fundi awezaye kuirudisha. Watu hawa huweka treni kabatini, nyuma ya kioo, mbali na jua na unyevu. Hoja yao ina nguvu, kwa kuwa zilizobaki katika hali hiyo ni chache, na bei zake minadani zinashuhudia. Mwezi Januari 2005 wezi walivunja makumbusho ya Märklin huko Göppingen wakaiba zaidi ya vipande 100 vya kale. Vingi vilipatikana baadaye, lakini tukio hilo lilionesha kwamba kichezeo kilichokuwa cha sakafuni kimekuwa hazina ya kulindwa kama dhahabu.

Wapo wengine wasemao kwamba treni isiyokwenda si treni tena. Iliundwa iende, na furaha ya mtoto ndiyo iliyokuwa sababu ya kuwapo kwake. Isitoshe, mashine iliyoachwa miaka mingi haihifadhiki: mafuta huganda kama gundi, kamani huchoka, na mpira unaofunika nyaya hukauka ukakatika.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli, bila ya kulipuuza la kwanza. Kipande kimoja adimu chenye rangi yake kamili kistahiwe na kitunzwe. Lakini treni za bati zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi zilizobaki si adimu. Zina mikwaruzo, zimepoteza bafa moja au gurudumu moja. Hizo hazipati faida yoyote kwa kufungiwa. Mtoto asiyeisikia treni ikilia juu ya reli za bati hatakuwa na sababu ya kuitunza itakapomfikia.

Kuna adui mmoja asiyejali kama treni inatumika au imefungiwa. Magurudumu mengi ya kabla ya vita vya pili yalitengenezwa kwa aloi ya zinki iliyochanganyika na chembe za risasi. Uchafu huo huila zinki kutoka ndani. Gurudumu huvimba, hupata nyufa, kisha husagika kama biskuti. Hakuna dawa ya kulirudisha. Kinachowezekana ni kuliondoa na kutia jipya, na kwa kuwa treni hizi zinafunguka, mafundi wadogo wadogo bado wanatengeneza magurudumu ya badala.

Insafu katika kuuza

Treni iliyopakwa rangi upya si aibu. Iliyopakwa rangi upya na kuuzwa kama yenye rangi ya asili ni udanganyifu, maana tofauti ya bei baina ya hizo mbili ni kubwa. Vivyo hivyo kwa nakala mpya iliyochakazwa makusudi ionekane ya kale. Wakusanyaji wamejiwekea madaraja ya hali, kuanzia kitu kipya kisichoguswa hadi kilicho hafifu, na hutarajiwa muuzaji aeleze kila kilichobadilishwa. Kubainisha kasoro ya bidhaa kabla ya kupokea thamani yake ni sharti tunalolijua vyema hata sisi tusiouza treni.

Anayependa kuanza na ayazingatie haya. Asinunue cha gharama kwanza. Seti ya kawaida ya kamani, yenye mikwaruzo lakini inayokwenda, humfundisha zaidi kuliko kitabu. Asioshe bati kwa sabuni na maji mengi, kwani rangi ya kale hubanduka na kutu huingia kwenye mikunjo. Kitambaa laini kikavu hutosha. Mafuta mepesi yawe tone moja kwenye ekseli, si kumwaga. Kamani isiachwe imekazwa treni inapowekwa. Transfoma ya kale isichomekwe ukutani kabla ya kukaguliwa na fundi umeme. Itoshe kukumbuka kwamba treni ya kwanza ya umeme ya Hornby, ya mwaka 1925, ilitumia umeme wa nyumbani wa volti 100 hadi 250 uliopitishwa kwanza katika taa, na haikuchukua miaka mingi mtindo huo ukaachwa kwa sababu ya hatari yake. Tena, rangi nyingi za zamani zina risasi na kingo za bati hukata. Mtoto anayetia kila kitu kinywani atazame tu, na aliye mkubwa aoneshwe namna ya kushika.

Nani atakipokea?

Suala lililobaki ndilo zito kuliko yote. Wakusanyaji wengi wa treni za bati ni wazee. Walikusanya kwa miaka 40 au 50, kila kipande wakakijua kilikotoka. Wengi wao hawakuandika chochote. Siku mzee anapofariki, warithi hukuta masanduku darini yasiyo na majina, hawajui lipi lina thamani ya mshahara wa mwaka na lipi ni la kugawiwa watoto wa jirani. Matokeo huwa moja kati ya mawili: huuzwa yote kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kwanza atakayebisha hodi, au huzuka ugomvi juu ya kitu ambacho hakuna anayekipenda.

Dawa yake haihitaji fedha. Ni daftari. Kila kipande kiandikwe jina lake, mwaka wake, kilikonunuliwa, kilichotengenezwa juu yake, na kasoro zake. Iandikwe pia nani wa kuulizwa, na kipi mwenyewe angependa kibaki katika nyumba na kipi kiuzwe. Vyama vya wakusanyaji huwahimiza wanachama wao kufanya hivyo wakiwa hai na wenye akili timamu, na mwenye mali ya aina yoyote, awe na treni au hana, halimdhuru kuiga.

Hata hivyo daftari halitoshi peke yake. Mtoto hurithi kitu, lakini haurithi upendo wake isipokuwa amefundishwa. Treni ya bati iliyofika kwa kizazi cha nne ilifika kwa sababu katika kila kizazi alikuwapo mkubwa mmoja aliyeshuka sakafuni, akampa mdogo ufunguo, akamwonesha ni mizunguko mingapi inatosha.